Bodaboda mkija sheli zimeni pikipiki, shukeni, na abiria ashuke! Tumechoka

Wakuu, nimetoka zamu sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono bado inanuka petroli. Nina hasira na sitaificha.

Mimi ni dada wa pampu. Huu mwaka wa sita nauza mafuta hapa Dar, upande wa Mbagala, sheli yenyewe siitaji. Wateja wangu wengi ni bodaboda, na mdogo wangu wa tumbo moja ni bodaboda, kwa hiyo asije mtu hapa kusema nawachukia vijana wanaojitafutia.

Leo asubuhi, saa moja kasoro, foleni imeshona. Kaja kijana na Boxer, nyuma kapakia mama, mama ana mtoto mgongoni kafungwa kanga, mtoto wa miezi minane tisa hivi. Kijana hajazima. Simu kaichomeka ndani ya helmeti anabishana na mtu kuhusu hesabu ya jana. Namwambia, "Kaka, zima, halafu mshuke." Ananionyesha vidole viwili, yaani ya buku mbili, shilingi elfu mbili, mfuniko wa tangi keshaufungua na kaupakata mapajani. Nikarudia. Walio nyuma wakaanza honi: "Dada weka bwana, tunawahi!" Akazima. Kushuka hakushuka. Na mimi nikaweka, na hilo ndilo linaniuma mpaka saa hizi.

Mafuta yanaingia, yule kijana akaanza kuitikisa pikipiki huku na huku. Ile tabia yao ya kutikisa ili mafuta yakae vizuri, sijui nani aliwafundisha. Anatikisa na abiria yuko juu! Mama akayumba, pikipiki ikalalia upande wangu, nozeli ikachomoka. Niliachia mkono papo hapo, lakini kilichotoka kilikuwa kimeshatoka. Kikamwagika juu ya tangi, kikateremka kwenye injini, kingine kikaenda kwenye goti la mama na kwenye kiguu cha mtoto kilichokuwa kinaning'inia nje ya kanga. Petroli ilipogusa injini ya moto ililia chwaa, mvuke ukapanda mpaka usoni kwangu.

Haikuwaka. Ni Mungu tu.

Mtoto analia, mama anataka kushuka hana pa kuweka mguu, maana kulia kuna pikipiki, kushoto kuna pikipiki, nyuma pikipiki. Tulimpokea mtoto kwa juu, tukampeleka bombani tukamwosha mguu kwa sabuni, ngozi ilishakuwa nyekundu. Nimerudi kwenye pampu, unajua yule kijana ananiambia nini? "Dada umenimwagia mafuta yangu, niongezee." Hajamuuliza mama hali. Hajamtazama mtoto.

Sasa nisikilizeni, maana kila siku mnaniambia "mbona siku zote hatuzimi na hakuna kinachotokea".

Kwanza, kinachowaka siyo yale maji ya petroli mnayoyaona. Unaowaka ni mvuke wake. Petroli inatoa mvuke wa kuweza kushika moto hata kwenye baridi ambayo Tanzania hatujawahi kuiota, nyuzi 40 chini ya sifuri. Sasa piga hesabu jua la Dar saa saba mchana, pikipiki imetoka Kongowe na abiria wawili. Tangi linalokuja kwangu siyo tupu, limejaa mvuke. Nikiweka lita moja, kiasi kama hicho cha mvuke kinasukumwa nje kupitia mdomo ule ule wa tangi, mbele ya kifua chako. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hauendi juu, unashuka. Chini ya tangi la pikipiki kuna nini? Injini, plagi na ekzosi. Gari tangi lake liko nyuma huko, injini mbele. Nyinyi mmekalia vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana nikikwambia zima na ushuke sina maringo.

Na kwa nini kushuka? Kwa sababu ukiwa juu, tangi liko katikati ya mapaja yako. Likilipuka moto, huna namna ya kuruka bila kuiangusha pikipiki, na ikianguka mfuniko uko wazi, mafuta yote yanamwagika chini ya miguu yetu. Abiria wa nyuma ndiye mwenye bahati mbaya zaidi, hashiki chochote, hajui lolote, na mara nyingi ni mama mwenye mtoto au mwanafunzi. Ukishuka ukaweka stendi kubwa ukasimama pembeni, lolote likitokea una hatua mbili za kukimbia. Kushuka ni sekunde tano.

Hili la kuja na buku mbili nalielewa na silitukani. Buku mbili siku hizi haifiki hata lita moja, najua. Deiwaka, yaani anayeendesha kwa siku tu pikipiki ya mtu, hawezi kumjazia mwenye pikipiki mafuta atakayoyatumia mwingine jioni. Mwenye mkataba anawaza kwanza hesabu ya bosi, ile pesa ya kumpelekea mwenye pikipiki. Lakini matokeo yake pikipiki moja inakuja kwangu mara nne, mara tano kwa siku, koki iko rizevu muda wote, yaani anatembelea mafuta ya mwisho mwisho ya tangi, na kila mara ni yale yale: haijazimwa, hajashuka, mfuniko mapajani. Mwenye gari anakuja mara moja kwa wiki. Kwa hiyo hatari yenu kwangu ni ya kila dakika, ndiyo maana napiga kelele na nyinyi zaidi ya wenye magari.

Simu. Hapa wengi mtanibishia kwamba simu haiwashi moto, na mimi sitabishana nanyi sana, kwa simu peke yake kuwasha petroli siyo jambo jepesi. Ninachokipinga ni mtu kuwa na mkono mmoja kwenye simu anahangaika na lipa namba, namba ya siri kaikosea mara mbili, mkono mwingine umeshika usukani, miguu ndiyo inashikilia pikipiki, huku mimi namimina. Lipa kabla, au sogea pembeni ulipe. Na kibiriti kwenye mfuko wa shati, sigara umeizimia ukutani hapo mlangoni, harufu bado unayo mdomoni! Mnadhani hatuoni?

Halafu kuzingira pampu. Foleni ya magari ipo, nyinyi mnapenya pembeni, mnajaa kama nyuki pande zote mbili. Leo mtungi wa kuzimia moto ulikuwa hatua nne kutoka nilipo na nisingeweza kuufikia. Ndoo ya mchanga kuna mtu alikuwa kaikalia.

Wenye kuleta chupa za maji nao, "dada pikipiki imezimika hapo mbele tu". Chupa nyembamba, mfuniko haufungi, unaining'iniza kwenye usukani.

Hivi Msamvu tumeshaisahau? Tarehe 10 Agosti 2019, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kukinga na madumu, likalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Bodaboda wengi walikuwa pale, vijana kama hawa hawa, walioona petroli ya bure na hawakuuona mvuke.

Najua na nyinyi mna ya kwenu. Mnasema tunawapunja, pampu hatuianzishi kwenye sifuri, tunawahudumia wenye magari kwanza kwa heshima na nyinyi tunawafokea. Mengine ni kweli. Wapo wenzangu wanaopunja na ni wezi, nalisema wazi. Ila ukishuka ukasimama upande wangu unaiona pampu vizuri zaidi kuliko ukiwa umekaa juu unachungulia kwa bega.

Nimemweleza meneja leo. Kanijibu kwamba nikianza kuwashusha wateja watahamia sheli ya ng'ambo ya barabara, nipunguze ukali. Mabango ya zima injini yako ukutani, makubwa, mekundu, na anayetakiwa kuyasimamia anaogopa kupoteza buku mbili. Ikitokea hasara ya mafuta yale yaliyomwagika, shoti, yaani pesa iliyopungua, inakatwa kwangu. Ikitokea moto, anayeungua ni mimi. Yeye yuko ofisini na kiyoyozi.

Wamiliki wa sheli kama mpo humu, wekeni utaratibu mmoja sheli zote za njia hiyo hiyo, pikipiki zipewe pampu yao na mstari wao, asiyeshuka asiwekewe popote, tuone atahamia wapi. Viongozi wa vijiwe, wekeni hili kwenye vikao vyenu kama mnavyoweka michango ya misiba.

Na wewe abiria, usisubiri dereva akwambie. Pikipiki ikiingia sheli, shuka, mbebe mwanao usogee mbali.

Kesho naingia saa kumi na mbili asubuhi. Asiyeshuka simwekei, honi zipigwe mpaka betri ziishe.