Mawese kwenye tenki la dizeli: tuendeshee magari au tukaangie samaki?

Mleta mada, Ujiji:
Kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikitangaza bei kikomo za mafuta, Kigoma tunajikuta kwenye kundi la wanaolipa zaidi, maana dizeli inasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Gesi asilia inayojazwa kwenye magari ya Dar inataka kituo cha kuishindilia hadi shinikizo la baa 200, na bomba lake haliji huku. Michikichi tunayo. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1938 basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta yaliyotokana na mawese ya Kongo, hapo ng'ambo ya ziwa letu. Naomba hoja: sisi tunakwama wapi?

Fundi pampu, Mwanga:
Ndugu mleta mada, lile basi halikunywa mawese kama yalivyo. Yalipikwa na spiriti yakawa esta, na hicho ni kitu kingine kabisa. Watu wengi wanaharibu injini kwa kutojua tofauti hiyo.

Kwenye joto la nyuzi 40, mawese ni mazito kama mara kumi ya dizeli. Nozeli iliyoundwa kurusha ukungu inaishia kurusha matone. Matone hayaungui yote: mengine yanakuwa kaboni kwenye ncha ya nozeli na kwenye ringi, mengine yanashuka pembeni ya pistoni mpaka kwenye oili. Oili hiyo ikipata joto inavutika kama mlenda. Siku hiyo injini inakwama kwa kukosa ulainisho huku kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imejaa.

Anayetaka kutumia mawese yenyewe anahitaji tenki mbili. Unawasha kwa dizeli. Maji ya moto ya rejeta unayapitisha kwenye koili ndani ya tenki la pili na kandokando ya mpira wa mafuta, mpaka mawese yafike nyuzi 70 hadi 80 ndipo ugeuze koki. Kabla ya kuzima, rudi kwenye dizeli dakika tano. Ukisahau mara moja tu, asubuhi pampu na mabomba yote yamejaa mafuta yaliyoganda. Oili ibadilishwe kila kilomita 2,500. Na hayo ni kwa injini za zamani za Toyota kama 1HZ au 3L, zenye chumba cha awali cha kuunguzia. Gari la komoni reli, yaani la mfumo mpya wa dizeli wa shinikizo kubwa, usiliguse kabisa. Sindano zake zinafanya kazi kwa zaidi ya baa 1,000, na uchafu usioonekana kwa jicho unatosha kuziua.

Dereva wa Fuso, Kasulu:
Fundi, huku Juni na Julai mawese yanaganda hata ndani ya ndoo jikoni. Kuna wanaosema uyakate kwa mafuta ya taa, nusu kwa nusu. Je, hilo linafaa?

Fundi pampu, Mwanga:
Halifai, kaka. Mafuta ya taa yanapunguza uzito, lakini hayazuii mawese kuganda kwenye baridi, na kaboni kwenye nozeli inabaki palepale.

Mwalimu wa kemia, Buhigwe:
Basi tuzungumzie esta, yaani bayodizeli. Chukua lita 100 za mafuta masafi, yapashe hadi nyuzi 110 maji yatoke, yapoe hadi 55. Pembeni, yeyusha gramu 350 za kostiki soda kwenye lita 20 za methanoli, mimina, koroga saa nzima bila kuvuka nyuzi 60, maana methanoli inachemka kwenye 65. Yaache usiku kucha. Gliserini nyeusi itatuama chini. Itoe, osha mafuta ya juu kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, kisha kausha mpaka yang'ae.

Hesabu hiyo ni ya mafuta yasiyo na asidi. Mawese yetu mengi ya mtaani yana asidi huru ya asilimia 5 au zaidi, kwa sababu mikungu inalala siku kadhaa kabla ya kuchemshwa. Kwa asilimia 5, lita 100 zinakupa karibu kilo 5 za sabuni ndani ya pipa, na mafuta hayatengani. Inabidi uanze na hatua ya asidi ya salfuriki, na ile ya betri haifai kwa kuwa ina maji mengi. Zaidi ya hapo, moto wa methanoli mchana karibu hauonekani, na kuinywa kidogo tu kunapofusha. Watu wasiipikie uani kwenye watoto. Nayo methanoli inatoka bandari ileile inakotoka dizeli!

Mama mkamuaji, Mwandiga:
Wanangu, mmehesabu pampu mkasahau sufuria. Dura, chikichi yetu ya asili, inatoa kama tani 1.6 za mafuta kwa hekta kwa mwaka. Hizo ni lita 1,750 hivi. Coaster inayotumia lita 40 kwa siku inamaliza hekta nzima kwa siku 44. Nchi bado inaagiza mafuta ya kula nje, ndiyo maana mwaka 2018 Waziri Mkuu Majaliwa alikuja hapa kuhimiza kilimo cha chikichi. Tenera, chikichi chotara, inafika tani 4, lakini mche unachukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa. Mkiyaingiza haya kwenye magari leo, ndoo sokoni itapanda bei na anayekaanga dagaa ndiye atakayelipa.

Mleta mada, Ujiji:
Mama, hoja yako nimeipokea. Nipunguze swali: mashine za kusaga za vijijini, zile za silinda moja zinazozunguka polepole, zikatumia mawese yaliyochacha ambayo hayafai kuliwa?

Fundi pampu, Mwanga:
Hapo tunaweza kuongea. Mashine ya mzunguko 650 kwa dakika inayapa mafuta muda wa kuungua, na bomba la moshi liko jirani kwa kupashia tenki. Chuja kwa kitambaa kizito, kisha filta ya maikroni 5. Washa na zima kwa dizeli, na fungua nozeli kila baada ya saa 200 uisafishe. Ila yaliyochacha yana asidi, nayo inakula shaba. Mabomba yawe ya chuma.

Mama mkamuaji, Mwandiga:
Yaliyochacha yana wenyewe, mwanangu. Wapika sabuni wanayachukua yote, kwa fedha taslimu. Mjue mnashindana na nani.