Gumzo la familia: Saa moja ya Doto, tano za Shangazi

*Ijumaa usiku*

Doto: Shikamooni wakubwa. Nina jambo naomba mnishauri kabla sijatoa hela. Upatu umenifikia, nikijumlisha na cha kwenye kibubu nina milioni moja na laki nane. Nataka kununua saa. Moja tu, Tissot ya otomatiki, ya Uswisi. Kuna mtu anakuja kutoka Dar wiki ijayo, ataniletea na risiti yake.

Kulwa: Milioni moja na laki nane, saa??? Kwa hela hiyo mimi huku Ukerewe nabadilisha nyavu zote za dagaa na chenji inabaki.

Shangazi Kabula: Marahaba mwanangu. Mimi nina saa tano na zote kwa pamoja hazifiki laki mbili. Ya dhahabu ya harusini, nyeusi ya msibani, ya bluu inaendana na kile kitenge changu, ya plastiki ya sokoni, na ile ya mkanda wa ngozi ya kanisani. Wewe utavaa hiyohiyo moja msibani na sokoni?

Doto: Ndiyo Shangazi, ndicho ninachokitaka. Hiyohiyo kila siku mpaka nizeeke nayo.

Dada Neema: Doto, pale kiwandani mnaruhusiwa kuingia na saa?

Doto: Hapana. Saa, pete, hereni, vyote vinavuliwa kabla ya kunawa na kuvaa gambuti. Minofu ya sangara inakwenda Ulaya, hawataki kukuta hata unywele.

Dada Neema: Kwa hiyo kutwa nzima Tissot itashinda kwenye kabati la chumba cha kubadilishia nguo, na wewe utashinda unaiwaza. Siku sita kwa wiki. Hilo lifikirie vizuri mdogo wangu. Mimi wodini pia sivai ya mkononi, maana tunanawa mpaka juu ya kifundo na mkanda unahifadhi uchafu. Yangu naibana kifuani, inaning'inia kichwa chini ili mimi nikishusha macho niione sawa. Mapigo ya mgonjwa nayahesabu dakika nzima kwa mshale wake wa sekunde. Niliinunua elfu kumi na tano.

Kulwa: Mimi ziwani nimeshazamisha tatu. Usiku wa giza unavuta nyavu, kamba inanasa mkanda, unasikia chubwi, basi. Za elfu ishirini, zina taa ndani. Inauma, ila asubuhi nanunua nyingine. Ingekuwa ya milioni ningejitupa niifuate.

Mama: Usiseme hivyo Kulwa.

Kulwa: Samahani Mama.

Doto: Mjomba yuko kimya na yeye ndiye fundi. Mjomba shikamoo.

Mjomba Masanja: Marahaba. Nilikuwa nafunga meza. Nisomeni taratibu, nitaandika kirefu.

Kwanza, bei hainunui usahihi. Ndani ya saa ya betri kuna kipande kidogo cha jiwe kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saa inahesabu mitetemo hiyo. Kwa mwezi mzima inakosea kama sekunde 15. Otomatiki haina betri. Ina kipande cha chuma, nusu duara, kinachozunguka ukitembeza mkono na kukaza springi. Hata ile ya Uswisi iliyopimwa na kupewa cheti cha kronomita, yaani cha usahihi, inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Kwa siku moja! Ile ya Kulwa iliyozama inataja wakati kwa ukweli kuliko hii anayoitaka Doto.

Na msidhani hizi za betri zilizaliwa rahisi. Seiko walipotoa ya kwanza Tokyo, tarehe 25 Desemba 1969, iliuzwa bei ya gari. Leo kazi ileile inafanywa na saa anayotembeza machinga pale Makoroboi, hapa Mwanza. Kwa hiyo Kabula hajakosea, anavaa kitu ambacho matajiri walikinunua kwa bei ya gari.

Pili, otomatiki inakula. Mafuta ndani yanakauka. Kila baada ya miaka mitano hivi, ikizidi sana saba, inafunguliwa yote, kila gurudumu linaoshwa, inatiwa mafuta upya kwa ncha ya sindano. Ukinunua ya milioni mbili halafu huna ya kumlipa fundi, umenunua mkufu.

Tatu, maji. Hili naliona kila wiki kwa sababu tunaishi kando ya ziwa. Mgongoni imeandikwa 30M, mtu anaogelea nayo. Hiyo 30 ni ya manyunyu na kunawa mikono! Ya kuogelea tafuta 100. Na hata hiyo 100 inategemea mpira mwembamba unaozunguka mfuniko wa nyuma. Juzi nimefungua ya kijana mmoja, mpira umekauka hadi unakatika kama tambi mbichi, chini ya kioo kuna ukungu, na kijiti cha kurekebishia mishale kimeliwa na kutu mpaka kimebaki kama mwiba. Saa nzuri kabisa. Nililia nayo.

Shangazi Kabula: Kwa hiyo mimi nimeshinda.

Mjomba Masanja: Bado shemeji. Katika hizo tano, zinazotembea ni ngapi?

Shangazi Kabula: ...

Shangazi Kabula: Ya sokoni inatembea. Na ya kanisani. Nyingine zilikwisha betri nikawa navaa tu kwa pambo.

Mjomba Masanja: Sasa hapo umenigusa. Betri iliyokufa isiachwe ndani. Inavuja, inakula njia za umeme, saa haiponi tena. Ukiwa na nyingi utasahau moja kila mwaka.

Doto: Mjomba, ninachotaka kujua hasa ni kimoja. Ipi itaishi kuliko mimi?

Mjomba Masanja: Ya magurudumu, kama itatunzwa. Ya plastiki ikifa mashine yake unaitupa. Lakini mbona unauliza hivyo, una umri gani wewe?

Doto: Nitasema ukweli. Saa ya mzee ilikwenda kwa Kulwa. Sina kinyongo, yeye ndiye wa kwanza na mzee alitamka mwenyewe. Ila mtoto wangu ana miezi minne sasa. Nikimbeba anashika kifundo cha mkono wangu hapa pa saa na hapana kitu. Mzee alikuwa mtu wa saa moja maisha yake yote. Nilitaka na mimi niwe hivyo.

Kulwa: Doto ungesema. Ile ya mzee iko kwenye mkebe, sijaijaza ufunguo tangu mwaka mpya.

Mama: Nimewasoma wote. Doto mwanangu, baba yako alikuwa na saa moja kwa sababu hakuwa na hela ya pili. Aliinunua alipouza pamba, 1978. Na ziwani hakuivaa hata siku moja. Jioni anaivua, anaiweka kwenye glasi juu ya kabati, anashuka mwaloni anasoma mwezi na nyota. Mimi ndiye niliyekuwa naijaza kila usiku, mizunguko ishirini na mitano, nahesabu, maana aliniambia nikizidisha nitakata springi. Hata kusoma saa nilijifunzia hapo, mshale mdogo ukiwa kwenye 1 sisi tunasema saa saba. Nilikuwa naiweka sikioni naisikiliza mpaka usingizi unanichukua, yeye yuko majini. Alipopata hela kidogo alinunua ya pili, ya plastiki, na hiyo ndiyo aliyokuwa nayo mkononi mnapomkumbuka anawabeba. Ninyi mlikuwa wadogo, hamkuitofautisha.

Dada Neema: Mama, mimi naikumbuka ya plastiki. Ilikuwa na mkwaruzo kwenye kioo.

Mama: Hiyo.

Doto: Sikulijua hilo Mama.

*Jumamosi asubuhi*

Doto: Sijalala vizuri. Mjomba, kwa laki sita napata otomatiki ya kweli?

Mjomba Masanja: Unapata Seiko nzuri, mpya, ya mita 100, mwanao ataikuta. Mimi binafsi ningefurahi kuiona ile ya Uswisi mezani kwangu, nasema kweli, zile mashine zimeng'arishwa hata pale pasipoonekana. Ila kwa kazi yako chukua Seiko, na ya betri ya elfu ishirini ya kupandia bodaboda kwenda kiwandani. Seiko iwe ya Jumapili na jioni, mtoto aishike. Usinunue bila mimi kuishika. Feki zimejaa. Ukitazama mshale wa sekunde, wa otomatiki unateleza, unapiga mara 6 au 8 kwa sekunde. Ukiruka mara moja kila sekunde, umeuziwa ya betri yenye jina.

Doto: Sawa. Inayobaki naweka SACCOS.

Kulwa: Nakuja Mwanza Jumatano kwa meli. Mjomba nakuletea ya mzee uifungue.

Mjomba Masanja: Usiijaze njiani. Iache ilivyo.

Shangazi Kabula: Masanja, nimefungua droo. Ile ya bluu imetoa unga mweupe pale nyuma.

Mjomba Masanja: Usiiguse kwa mkono mtupu. Ifunge kwenye karatasi uilete leo, saa nne nitakuwa nimefungua.