Naomba ushauri: je, mikopo ya serikali ndiyo inayopandisha ada za vyuo?

Wakuu, habari zenu. Kwenye mdahalo nimepangiwa upande wa wanaosema sera za serikali ndizo zinazopandisha ada za vyuo vikuu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa.

Nguzo yangu ni William Bennett, aliyekuwa waziri wa elimu wa Marekani. Mwaka 1987 alidai kwamba misaada ya serikali kwa wanafunzi inavipa vyuo jeuri ya kupandisha ada, maana vinajua mkopo utaziba pengo. Nikaongezea kwamba kuanzia 2006 wanafunzi wa uzamili huko waliruhusiwa kukopa hadi gharama nzima ya masomo, mpaka sheria ya 2025 ilipokuja kuweka ukomo. Hapo nikajiona nimeshinda.

Tatizo ni England, ndani ya Uingereza. Mwaka 2012 serikali ilikata sehemu kubwa ya ruzuku ya kufundishia, na kiwango cha juu cha ada kikaruka kutoka pauni 3,375 hadi 9,000. Yaani serikali imepunguza mkono, na ada bado imepaa! Mpinzani akiijua hiyo nimekwisha.

Je, niitaje mwenyewe mapema ili niizime, au ninyamaze nisubiri? Na nani ana njia rahisi ya kuwaeleza watu tofauti ya ada iliyotangazwa na ile anayolipa mwanafunzi baada ya ufadhili? Wenzangu wanazichanganya kila mara.

Mdahalo ni Ijumaa hii.