Nauziwa pori ekari 40 Kilwa, nijenge na niwe nawinda. Nianzie wapi?

Mstaafu Mtarajiwa:
Wakuu, heshima kwenu. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu na Dar imenichosha. Kuna dalali kanipeleka kuona pori huko Kilwa, saa nzima kwa bodaboda kutoka Nangurukuru. Ekari 40, miyombo mitupu, kuna mininga ukiikumbatia mikono haikutani, na kijito pia. Alfajiri tulikuta kundi la kanga wanachakura njiani. Hapo ndipo nilipopagawa.

Mpango wangu ni nyumba ya vyumba viwili yenye baraza pana, mizinga ya nyuki, na jioni natoka na bunduki kutafuta kanga au paa wa kitoweo. Bei ni ya kutupa, na muuzaji anasema mwenyekiti wa kijiji anagonga muhuri siku hiyohiyo. Wenye uzoefu nishaurini, kejeli pelekeni uzi mwingine.

Kisiki cha Mpingo:
Mkuu, bei ya kutupa na muhuri wa siku hiyohiyo! Hapo tayari umeshapigwa, bado kulipa tu.

Mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kugawa ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, suala linapita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Ekari 40 bado zimo kwenye uwezo wa kijiji, maana ukomo wao ni hekta 20, ekari 49 na ushee. Omba muhtasari wa mkutano, usome na majina ya waliohudhuria.

Halafu jiulize: mininga minene hivyo imeponaje misumeno yote hii? Kilwa kuna vijiji vilivyotenga misitu yao ya hifadhi, wanavuna mpingo kwa utaratibu na hela inaingia kijijini. Nenda ofisi ya kijiji wewe mwenyewe, uombe ramani ya matumizi ya ardhi. Dalali mwache nyumbani.

Koplo Mstaafu:
Mimi nijibu la bunduki. Pori likiwa lako, mnyama bado si wako. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, yule kanga ni mali ya umma hata akitagia uvunguni mwako. Kuwinda ni kwa leseni, nayo haitoki kwa sababu tu umenunua shamba. Silaha yenyewe ni safari nyingine: unaanzia kijijini, unapanda hadi kamati ya usalama ya wilaya.

Nimewahi kuona mtu anatolewa kwake na sufuria ya nyama ikiwa bado jikoni, mke naye kaunganishwa. Shtaka liliposomwa ni uhujumi uchumi, na dhamana ikawa ngoma nzito. Hamu ya nyamapori ikikushika, siku hizi kuna mabucha yenye leseni.

Mama Mikorosho:
Kaka, na hiyo mininga usije ukaipasulia mbao za paa. Ni miti iliyohifadhiwa kisheria, bila kibali hukati hata kama imeota mlangoni pako.

Umekwenda mwezi gani? Rudi Oktoba ukaone kama hicho kijito kina maji au ni mchanga tu. Oktoba hiyohiyo utaona na moto: vijana wanawasha nyasi kutafuta ndezi, unavuka vilima unafika kwako. Ukienda usivae shati la bluu wala jeusi, ndorobo watakufuata hadi Nangurukuru. Na wakati wa masika weka akiba ndani. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga tukabaki tunatazamana.

Mpwa wa Matandu:
Mzee kama ni kanga tu, tafuta mayai ya wale wa kufugwa umwekee kuku alalie. Mimi ninao kumi na saba. Kelele zake utajuta, ila nyoka hasogei bila wewe kujua.

Mstaafu Mtarajiwa:
Nimerudi wakuu. Juzi nimekwenda bila dalali. Mtendaji kakunjua ramani mezani, kaweka kidole: pori lote limo kwenye rangi ya kijani, msitu wa hifadhi wa kijiji. Kaniuliza nani kanileta. Nilipompigia dalali, hapatikani hadi leo. Nashukuru sikuwa nimetoa hata advansi.

Ila mtendaji kanionyesha shamba la zamani upande wa pili, ekari 12, mikorosho iliyozeeka na kichaka nyuma yake. Ni la urithi, ndugu watano. Wanne wapo tayari, wa tano yuko Mtwara na simu hapokei. Wanasema nilipe tu, atakuja kusaini.

Kisiki cha Mpingo:
Usilipe. Panda basi uende Mtwara.

Mama Mikorosho:
Na wenye ndoa wasaini na wenza wao. Hiyo mikorosho mizee usiing'oe, ukiipogolea vizuri inazaa tena.