Kizimba cha Impreza: tiyo (bomba) gani, na kule juu karibu na paa tunachomelea vipi?

Kijana wa Kampemba
Jambo yenu bakubwa. Tuko hapa Lubumbashi, tunatayarisha gari la Subaru Impreza GC8 kwa rally. Ndani imebaki chuma kitupu: viti, zulia, hata lami ya sakafu vimetoka. Sasa tumekwama kwenye kizimba (arso), ile fremu ya tiyo inayowakinga walio ndani gari likibiringika. Sokoni tiyo ya maji ya inchi moja na nusu ni nene na bei yake nzuri, je, inafaa? Halafu tao kuu (lile la nyuma ya viti vya mbele) likisimama, paa linalibana, mkono haupiti. Sehemu ya juu ya kiungo inachomelewaje? Na posti (mashine ya kuchomelea) tuliyo nayo ni ya bageti, zile fimbo za kuchomelea.

Fundi Katuba
Tiyo ya maji waachie mafundi wa maji, ndugu. Kipenyo chake cha nje ni 48.3 mm na unene wake unavutia macho, lakini kwa kawaida ina mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukiikunja, mshono ndio unaopasuka kwanza. Ikiwa na zinki ni mbaya zaidi: moshi wake ni sumu, na unaacha vitundu ndani ya sude (chuma kilichoyeyushwa kuunga kiungo).

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari (Kiambatisho J, kifungu 253), zinataka chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi, chenye nguvu ya kuhimili kuvutwa isiyopungua 350 N/mm². Tao kuu ni 45 × 2.5 mm au 50 × 2 mm, kipande kimoja bila kiungo. Nusu matao ya pembeni (yanayotoka tao kuu kwenda mbele), mihimili ya nyuma (inayotoka tao kuu kwenda nyuma) na misalaba: 38 × 2.5 au 40 × 2. Nunua tiyo moja ya mita 6 kwa tao kuu na tiyo tano za mita 6 za 40 × 2. Mita moja ya 45 × 2.5 ina kilo 2.6, ya 40 × 2 haifiki kilo 1.9, kwa hiyo tiyo zote utakazonunua zitacheza kwenye kilo 72 kabla ya kukata.

Kunja baridi tu. Kujaza mchanga na kupasha moto kunalainisha chuma pale pale kinapotakiwa kuwa kigumu. Nusu kipenyo ya mkunjo, ukipima katikati ya tiyo, isipungue mara 3 ya kipenyo: 135 mm kwa tiyo ya 45. Kisha pima mkunjo kwa kalipa. Upande mpana ukisoma 46, mwembamba usishuke chini ya 41.4. Ukishuka, kipande hicho hakifai tena, usijaribu kukinyoosha.

Sude Ruashi
Kuhusu paa: usisimamishe kizimba kwenye urefu wake wa mwisho kabla ya kumaliza juu. Tengeneza visanduku vya chuma vya sentimita 7 au 8 vya kukaa chini ya miguu, lakini uviweke kando kwanza. Panga matao kwa urefu kamili juu ya vigogo, shika viungo kwa nukta nne nne za sude, toa vigogo, kizimba kishuke sakafuni. Hapo nafasi inafunguka na unazungusha sude mzingo wote. Ukimaliza, kiinue, sukuma visanduku chini yake. Mihimili ya nyuma ichomelewe baada ya kuinua, la sivyo itakizuia kushuka. Iende nyuma ikiwa imenyooka, ikilala angalau digrii 30 kutoka wima.

Mdomo wa tiyo uchongwe mpaka ukae juu ya mwenzake bila mwanga kupita. Mwanya wa milimita 2 ukijazwa kwa sude, kiungo kinavuta tao wakati wa kupoa na mlango haufungi tena. Na usisage sude ili ipendeze: unaondoa chuma kinachobeba mzigo.

Bageti inawezekana, ila kwa ukuta wa milimita 2 ningetafuta posti ya waya (MIG/MAG): waya wa milimita 0.8, gesi ya argoni 80 na CO2 20. Ukibaki na bageti za aina ya 7018, zikaushe kwenye tanuri nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili. Masika haya zinanyonya unyevu, na sude inapasuka chini kwa chini. Umeme wa jioni ukishuka, sude inakaa juu kama nta, nzuri kwa macho, haijashika kitu. Kila siku kabla ya kuanza, chomelea vipande viwili vya mabaki, vikate kwa msumeno, piga tupa, uone kama vimeungana.

Kijana wa Kampemba
Aksanti sana. Miguu naweza kuifunga kwa bulo (bolti) moja kwa moja sakafuni?

Fundi Katuba
Hapana. Sakafu ya gari ni chini ya milimita moja. Gari likibiringika, mguu unaitoboa na kizimba kinazama. Kila mguu wa matao upate bamba la 3 mm, angalau sentimita za mraba 120, mfano 10 kwa 12, lililochomelewa kwenye bodi na kupanda kidogo ukingo wa mlango. Mihimili ya nyuma: angalau sentimita za mraba 60. Ukifunga kwa bulo kwenye bamba hilo, tatu kwa kila mguu wa tao, M8 (kipenyo milimita 8) daraja 8.8 au zaidi.

Kabla ya kuchomelea, chomoa nyaya za betri na utoe kompyuta ya gari. Na palipo karibu na kofia za dereva na msaidizi, vika tiyo povu gumu lenye alama FIA 8857-2001. Sponji ya kitanda inabonyea mara moja, kichwa kinakutana na chuma.