Access: kiungo cha tblMauzo kimetoweka baada ya kuhamisha faili la data

StooKariakoo
Wakuu, habari za kazi. Duka la vipuri Kariakoo, kompyuta nne, hifadhidata ya Access iliyogawanywa. Faili la fomu na ripoti liko kwenye kila mashine. La data, Stoo_be.accdb, lilikuwa diski Z. Kompyuta kuu imebadilishwa, faili likahamia mpya. Mbili zinafungua vizuri. Ya tatu inagoma: "is not a valid path". Ya nne haina kabisa tblMauzo, jedwali la mauzo, kwenye orodha. Mauzo yamepotea? Tunafunga hesabu za mwezi.

fundi_ilala
Mkuu, usifute wala kuingiza chochote kwanza. Wote wafunge Access, hakikisha Stoo_be.laccdb (faili la kufuli linaloonyesha data bado imefunguliwa) imetoweka kwenye folda, kisha nakili Stoo_be.accdb pembeni na uifungue nakala hiyo. Ukiikuta tblMauzo humo, data ipo, kilichofutwa ni kiungo tu. Kufuta jedwali lenye mshale, yaani lililounganishwa kutoka faili la data, hakugusi data yenyewe.

Ujumbe wa ya tatu unasema Windows haioni diski au folda. Ungekuwa "Could not find file", folda ingekuwa inaonekana ila faili halimo au limebadilishwa jina. Kiungo hutunza njia kamili, na herufi Z ni ya mtumiaji aliyeingia kwenye Windows, si ya mtandao mzima. Akiingia mwingine, Z hana. Achana na herufi, tumia jina la mashine: \\SEVA\Stoo\Stoo_be.accdb. Usitumie anwani ya IP kama ruta ndiyo inayozigawa, maana umeme ukikatika na kurudi inaweza kubadilika.

Nenda External Data, Linked Table Manager, tiki majedwali yote. Access 2016 kurudi nyuma, tiki pia "Always prompt for new location". Matoleo mapya bonyeza Relink. Dirisha la faili likifunguka, andika njia hiyo kwa mkono, usipitie Z.

Ya nne: New Data Source, From Database, Access, kisha chaguo la pili, "Link to the data source". La kwanza huleta nakala, na mauzo yatakayoandikwa humo yatabaki kwenye mashine hiyo peke yake.

BiHesabu
Mimi naziogopa zaidi hizo mbili zinazofungua vizuri. Tengeneza hoja (Query) mpya, nenda SQL View, andika:

SELECT Name, Database FROM MSysObjects WHERE Type=6;

Safu ya Database inaonyesha kila kiungo kinaelekea faili gani. Njia iwe moja mistari yote. Mmoja ukielekea nakala ya zamani hupati ujumbe wowote: mtu anauza, risiti inatoka, na kwenye faili kuu mauzo hayo hayapo.

StooKariakoo
Asante Bi. Kweli, mashine ya pili tblMauzo inasoma D:\Nakala\Stoo_be.accdb. Mengine yako sawa. Nibadilishe kiungo tu?

BiHesabu
Subiri. Mauzo ya mashine hiyo tangu mhame yamo kwenye nakala ya D, kwa hiyo ihifadhi kando kwanza. Ndipo urekebishe kiungo, halafu uunganishe jedwali la nakala kwa jina tblMauzo_D ulinganishe. Usilinganishe kwa namba ya mauzo: kama ni AutoNumber, yaani namba inayotolewa na Access yenyewe, faili zote mbili zimetoa namba zilezile kwa mauzo tofauti. Tumia tarehe na saa, bidhaa na kiasi. Unapohamisha kwa Append Query (hoja ya kuongeza mistari kwenye jedwali), usiijumuishe safu ya AutoNumber ili Access itoe namba mpya.

Kama bidhaa za kila risiti ziko jedwali lingine, lichunguze mstari kwa mstari. Hilo lilikuwa likiandika kwenye faili kuu kwa namba za risiti za D, kwa hiyo kipuri cha mteja mmoja kinaweza kuwa chini ya risiti ya mwingine. Hapo pitia risiti za karatasi kabla ya kufunga mwezi.

fundi_ilala
Na kwenye folda mpya kila mtumiaji apewe ruhusa ya Modify, pande zote mbili, Sharing na Security. Kusoma tu hakutoshi: Access hutengeneza na kufuta .laccdb humo, na bila ruhusa hiyo fomu zitafunguka lakini hazitakubali kuandika. Kompyuta kuu izimiwe Sleep, na zote nne ziwe kwenye waya. Wi-Fi ikikatika katikati ya kuandika, faili la data linaweza kuharibika.