Magnesiamu na vitamini B2 kwa kipandauso: lebo zinasomwaje?

Msomalebo
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mgonjwa ni mtu mzima, si mjamzito, kipandauso kinamshika siku tano hadi saba kwa mwezi. Daktari wake amekubali ajaribu virutubisho kabla ya kuingia kwenye dawa za kinga: magnesiamu mg 400 na vitamini B2 (riboflavini) mg 400 kwa siku. Shida inaanzia kwenye chupa. Moja imeandikwa "magnesiamu oksaidi mg 500", nyingine "magnesiamu sitreti mg 1,000", ya tatu ni vitamini B mchanganyiko yenye B2 mg 50. Ameze vingapi? Na hiyo ya B, akimeza vinane si atakuwa amefikisha 400?

Dozi_Sahihi
Naanza na hilo la mwisho kwa sababu lina madhara: asimeze vinane. Vidonge vya aina hiyo kwa kawaida vina B6 mg 50 pia, kwa hiyo atakuwa anameza B6 mg 400 kila siku. Marekani kikomo cha B6 kwa mtu mzima ni mg 100 kwa siku, na Ulaya walikishusha hadi mg 12 mwaka 2023. Ikizidi kwa muda mrefu inaharibu neva: ganzi na kuchomachoma kunaanzia miguuni, baadaye hata kutembea kunayumba. Atafute riboflavini peke yake, vidonge vya mg 100 au mg 400. Jaribio la mwaka 1998 lililoipa B2 jina kwenye kipandauso lilitumia mg 400 kwa siku kwa miezi mitatu. Mkojo utakuwa wa njano iliyokolea, asishtuke. Ni B2 ya ziada inatoka.

Sasa magnesiamu. Kinachohesabiwa ni magnesiamu halisi, si uzito wa chumvi nzima (yaani magnesiamu pamoja na kile ilichounganishwa nacho, kama oksaidi au sitreti). Oksaidi ina takribani asilimia 60, sitreti asilimia 16, glisineti asilimia 14. Kwa hiyo kama mg 500 ni uzito wa oksaidi, kidonge kina mg 300 halisi. Sitreti mg 1,000 ina kama mg 160 tu. Lakini angalia maneno vizuri. Lebo ikisema "magnesiamu (kutoka oksaidi) mg 250", hiyo 250 tayari ni halisi, usiipigie asilimia tena. Soma jedwali la nyuma ya chupa, maana maandishi makubwa ya mbele yanapotosha sana.

Oksaidi inaonekana nono kwenye hesabu, ila hufyonzwa kidogo, na inayobaki utumboni huvuta maji. Ndiyo maana watu wanaharisha na kuacha wiki ya kwanza. Aanze na mg 100 hadi 200 halisi pamoja na chakula cha jioni, aongeze kila baada ya wiki moja, agawe asubuhi na jioni. Tumbo likilegea, arudi dozi ya nyuma au abadili aina ya chumvi.

Mfamasia wa Zamu
Naongezea upande wa usalama. Marekani kikomo cha magnesiamu ya vidonge ni mg 350 kwa siku, kwa hiyo 400 ni ya kuagizwa na daktari, si ya kujipangia. Na kabla ya kidonge cha kwanza, figo zijulikane hali yake. Figo dhaifu hazitoi magnesiamu iliyozidi; inajikusanya kwenye damu, presha inashuka, misuli inalegea, mapigo ya moyo yanavurugika.

Halafu saa za kumeza. Magnesiamu hushikana na dawa nyingine tumboni na kuzizuia zisifyonzwe. Levothairoksini (dawa ya tezi ya shingo) iachiwe nafasi ya saa nne. Doksisaiklini na siprofloksasini, ambazo ni antibiotiki, nazo zitenganishwe nayo kwa saa kadhaa. Anayetumia dolutegravir (dawa ya VVU) aimeze saa mbili kabla ya magnesiamu au saa sita baada yake. Hapa pasifanyiwe mzaha kabisa, dozi ya dawa hiyo isiyofyonzwa ni sawa na dozi iliyorukwa.

Msomalebo
Asanteni sana, hilo la B6 halikuwa kichwani kabisa. Na koenzaimu Q10? Aanze vyote kwa mpigo?

Daftari la Kichwa
Kimoja kimoja, ndugu. Akianza vyote, akipata nafuu hatajua kilichomsaidia, na akiharisha au akipata vipele hatajua cha kuacha. Kabla ya kuanza aandike mwezi mzima: siku zenye kipandauso, ukali kwa alama 0 hadi 10, na kila siku aliyomeza dawa ya maumivu. Kisha kirutubisho kimoja kwa miezi mitatu, akiendelea kuandika. Wiki mbili hazitoshi kuhukumu. Siku zikipungua kwa nusu, hayo ni mafanikio makubwa. Zisipopungua baada ya miezi mitatu, aache na ajaribu kingine.

Ile safu ya dawa za maumivu ndiyo watu wengi wanairuka, na ndiyo inayofichua mambo. Parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, ama triptani (dawa za kukata kipandauso kikishaanza) siku 10 au zaidi, zikiendelea hivyo kwa miezi, zenyewe huleta maumivu ya kichwa. Hapo hakuna kirutubisho kitakachofua dafu mpaka matumizi hayo yapunguzwe kwa msaada wa daktari.

Q10: mg 100 mara tatu kwa siku, pamoja na chakula chenye mafuta kwa kuwa huyeyuka kwenye mafuta. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asiiguse bila kuongea na daktari, inaweza kupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Mfamasia wa Zamu
Akikuta chupa yenye mmea wa Petasites, airudishe. Ulikuwa ukisifiwa kwa kipandauso, lakini kulitokea madhara ya ini, na mwaka 2015 chama cha madaktari wa neva cha Marekani kikaondoa mwongozo uliokuwa ukiupendekeza. Na maumivu yanayolipuka kwa ghafla, udhaifu wa upande mmoja, au homa na shingo kukakamaa, hayo yanakwenda hospitali saa hiyohiyo.